Kodi ya kaboni iwe kiasi gani, na kwa nini wataalamu wanatofautiana?

Msomaji mmoja ameniuliza hivi, nami namnukuu kwa ufupi: "Mnatuambia kwamba kodi ya uchafuzi unaotokana na makaa ya mawe, mafuta na gesi ilingane na madhara ya uchafuzi huo. Ikiwa kanuni ni hiyo moja, mbona mmoja wenu anataja dola 15 kwa tani ya hewa ukaa, mwingine dola 135, na serikali ya Marekani ikafika hadi 190? Je, ipo maana yoyote ya kuiita kodi hiyo bora? Na je, petroli siyo inayostahili kutozwa kuliko zote?"

Ndugu yangu, tofauti uliyoiona ni ya kweli, lakini haitoki pale ambapo wengi hudhani. Wataalamu hao hawagombani juu ya kanuni, na kwa sehemu kubwa hawagombani hata juu ya fizikia ya hewa. Wanatofautiana hasa katika swali moja, nalo ni uzito gani tuwape watu watakaoishi baada yetu tunapopima hasara yao dhidi ya gharama yetu ya leo; swali la ukubwa wa madhara yenyewe linafuata kwa karibu. Ukiyaweka kando hayo mawili, utakuta kwamba umbo la kodi, yaani itozwe kwa kipimo gani, ipande kwa mwendo gani na iume wapi zaidi, limesimama imara kuliko nambari yoyote utakayotajiwa. Kuhusu petroli jibu langu ni hapana, na nitaeleza kwa nini kiini cha suala hili ni makaa ya mawe.

Kanuni yenyewe tumeirithi kwa Arthur Pigou wa Cambridge, ambaye mwaka 1920 alieleza kwamba soko hupotoka pale ambapo anayefanya jambo halipi gharama yake yote. Mwenye mtambo wa umeme hulipia uchimbaji wa makaa, usafirishaji na mishahara, lakini halipii mavuno yanayopungua kwa ukame wala pwani inayomezwa na bahari. Kwa hiyo makaa kwake ni ya bei nafuu kuliko yalivyo kwa jamii nzima, naye huchoma kupita kiasi hata kama ni mtu mwadilifu. Dawa ya Pigou ni kumtoza kodi iliyo sawa na madhara ya tani ya mwisho anayoitoa. Ni tani ya mwisho, si wastani wa tani zote, kwa sababu uamuzi ulio mbele yake ni kama aongeze tani moja zaidi au aiache. Kodi ikishawekwa, hakuna haja ya afisa kumwambia kila mtu apunguze nini: anayeweza kuacha tani moja kwa gharama iliyo chini ya kodi ataiacha, asiyeweza atalipa, na upunguzaji utafanyika kwanza pale unapogharimu kidogo. Hii ndiyo maana ya kuiita kodi bora. Haimaanishi uchafuzi usiwepo kabisa, bali unaobaki uwe ule tu ambao faida yake inazidi madhara yake. Ronald Coase alionyesha mwaka 1960 kwamba wahusika wenyewe wanaweza kufikia matokeo kama hayo kwa kupatana, ikiwa haki zao ziko wazi na mapatano hayana gharama. Lakini hapa wahusika ni watu wote walio hai pamoja na ambao hawajazaliwa, na mkutano wa namna hiyo hauwezi kuitishwa.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana ndipo nambari zako zinapozaliwa. Kaboni dioksaidi, ambayo hapa naiita hewa ukaa, haidhuru kwa kutoka tu kwenye bomba. Inadhuru kwa kukaa hewani na kuzuia joto, mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1896 Svante Arrhenius alikwisha kuona kwamba joto halipandi kwa kiwango kilekile kadiri hewa ukaa inavyoongezeka, kwani kila tani mpya hupasha joto kidogo kuliko iliyoitangulia. Upande wa pili, madhara kwa uchumi hukua kwa kasi kuliko joto lenyewe: nyuzi ya tatu huumiza kuliko ya pili, na ya nne kuliko ya tatu. Mielekeo hii miwili inavutana, na kwa makadirio yanayotumika sana karibu inafutana, kiasi kwamba tani moja ya ziada hupunguza karibu sehemu ileile ya pato la dunia, iwe imetolewa hewa ikiwa safi kiasi au ikiwa imekwisha kuchafuka.

Jambo hili lina matokeo makubwa. Mikhail Golosov, John Hassler, Per Krusell na Aleh Tsyvinski walichapisha mwaka 2014, katika jarida la Econometrica, makala iliyoonyesha kwamba katika hali hiyo kodi bora ni sehemu maalumu ya pato la dunia, na kwamba sehemu hiyo inategemea mambo matatu tu: ukubwa wa madhara kwa kila tani, muda ambao kaboni hukaa hewani, na uzito tunaowapa watu wa baadaye. Haihitaji utabiri wa idadi ya watu wa karne ijayo, wala wa teknolojia itakayokuwepo, wala wa kiasi cha mafuta kilichosalia ardhini. Binafsi naona hili ni moja ya matokeo yenye manufaa zaidi katika uchumi wa tabianchi, kwa sababu linaondoa mezani mabishano mengi yasiyoweza kuamuliwa.

Mizani yao tunaweza kuipitia kwa kalamu na karatasi. Kwa makadirio waliyoyatumia, kila tani bilioni 1 ya kaboni iliyo hewani hupunguza pato la dunia kwa takriban asilimia 0.00238. Pato walilolichukua ni dola trilioni 70 kwa mwaka, kwa hiyo hasara ni kama dola bilioni 1.67 kwa mwaka, yaani dola 1.67 kwa kila tani ya kaboni, kwa kila mwaka ambao tani hiyo ingali juu yetu. Linalobaki ni kuihesabu miaka. Katika tani inayotolewa leo, karibu nusu huwa imemezwa na bahari na mimea katika muongo wa kwanza. Theluthi hivi hupungua polepole mno kwa karne kadhaa. Na moja ya tano hubaki kwa maelfu ya miaka, ambayo kwa hesabu zetu ni milele. Kama kila mwaka ujao ungehesabiwa sawa na huu, jumla isingekuwa na mwisho. Kwa hiyo miaka hupunguzwa uzito, na hapo ndipo njia zinapoachana. Ukipunguza uzito kwa asilimia 1.5 kila mwaka, mlolongo wote huo wa karne unakuwa na uzito wa takriban miaka 34. Zidisha kwa dola 1.67, utapata kama dola 57. Ukipunguza kwa asilimia 0.1 tu, uzito unafika karibu miaka 297, na kodi inakuwa dola 496. Fizikia ni ileile na madhara ni yaleyale. Kilichobadilika ni nambari moja.

Hapa niweke tahadhari, kwa sababu imewapotosha hata waandishi makini. Dola 57 na 496 ni kwa tani ya kaboni, si kwa tani ya hewa ukaa. Tani moja ya kaboni ikiungua hutoa tani 3.67 za hewa ukaa, kwa kuwa oksijeni nayo ina uzito wake, kwa hiyo viwango hivyo ni sawa na dola 15.5 na dola 135 kwa tani ya hewa ukaa. Ndizo nambari zako mbili za kwanza, nazo zimetoka katika fomula moja. Nikumbushe pia kwamba zilikadiriwa kwa pato la dola trilioni 70. Pato la dunia siku hizi limepita trilioni 100, na kodi inapaswa kuwa imepanda kwa uwiano huohuo.

Huenda ukauliza kwa nini ukuaji wa uchumi haukuingia katika kupunguza uzito, ilhali tunatarajia wajukuu wetu wawe matajiri kuliko sisi. Uliingia, lakini ulijifuta. Uchumi ukikua mara mbili, madhara nayo yanakuwa mara mbili kwa dola, kwani ni sehemu ya pato. Wakati huohuo dola moja ina thamani nusu kwa mtu mwenye kipato mara mbili, ikiwa tunakubali kwamba thamani ya dola hupungua kwa uwiano wa kipato. Moja linazidisha, jingine linagawanya, na kinachosalia ni ule upungufu wa uzito unaotokana na wakati peke yake: kumhesabu mtu kuwa na thamani ndogo kwa sababu tu atazaliwa baadaye.

Frank Ramsey alisema waziwazi mwaka 1928 kwamba upungufu wa namna hiyo hauna utetezi wa kimaadili. Nicholas Stern, katika ripoti aliyoiandalia serikali ya Uingereza mwaka 2006, alifuata njia hiyo na kuacha asilimia 0.1 tu, kwa ajili ya uwezekano kwamba binadamu watakuwa wametoweka. William Nordhaus, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2018, alishika asilimia 1.5 kwa hoja kwamba mpangaji wa sera hapaswi kujitungia maadili yake, bali asome katika masoko jinsi watu wanavyolinganisha leo na kesho, vinginevyo atatumia mtaji kwa mambo ya tabianchi wakati mtaji huohuo ungezaa zaidi kwingine. Hoja zote mbili ni nzito. Kwa asilimia 1.5, mtu atakayeishi miaka 100 ijayo ana uzito wa asilimia 22 ya mtu wa leo, na wa miaka 200 ijayo hafiki asilimia 5. Sijapata kusikia mtu akilitetea hilo mbele ya watoto wake. Lakini anayechagua asilimia 0.1 naye hana budi kukubali kwamba, kwa mizani hiyo, jamii inapaswa kuweka akiba na kuwekeza kwa ajili ya vizazi vijavyo zaidi sana ya inavyofanya katika kila jambo, si katika tabianchi pekee. Naegemea upande wa kiwango cha chini, kwa sababu mzazi anayeweka akiba kwa ajili ya mwanawe na kizazi kinachokiachia hasara kizazi kisichokijua ni mambo mawili tofauti, na riba za benki hutueleza la kwanza tu. Hata hivyo, huo ni uamuzi wa kimaadili, na mchumi anayeuficha ndani ya fomula anajitwalia kura ambayo ni ya wananchi.

Nambari yako ya tatu, dola 190, ilitolewa na Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani mwaka 2023 kwa tani ya hewa ukaa iliyotolewa mwaka 2020, na kiwango chake cha kupunguza kilikuwa asilimia 2. Shirika hilohilo lilipata dola 120 lilipotumia asilimia 2.5, na 340 lilipotumia 1.5. Usizilinganishe asilimia hizi moja kwa moja na zile za juu, kwa maana hizi ni viwango kamili ambavyo ndani yake matarajio ya ukuaji wa kipato yamekwisha kuingizwa, na zile ni za wakati peke yake. Kabla ya hapo serikali ya Marekani ilikuwa ikitumia dola 51 kwa kiwango cha asilimia 3. Kupanda kutoka 51 hadi 190 hakukuletwa na kiwango peke yake. Makadirio ya madhara nayo yalisahihishwa kwa utafiti mpya, hasa kuhusu vifo vinavyotokana na joto na kuhusu kilimo.

Hilo linatuleta kwenye ukubwa wa madhara, ambao ni shimo lenye kina kuliko ulivyodokeza. Ile asilimia 0.00238 ni wastani wa hali mbili zilizotokana na makadirio ya Nordhaus. Katika ya kwanza, yenye uwezekano wa asilimia 93.2, joto likiongezeka kwa nyuzi 2.5 dunia hupoteza asilimia 0.48 tu ya pato lake. Katika ya pili, yenye uwezekano wa asilimia 6.8, joto likifika nyuzi 6 juu hutokea janga linalofuta asilimia 30 ya pato. Ukigawanya wastani huo utaona kwamba zaidi ya nusu yake inatokana na ile hali ya pili isiyotarajiwa. Kwa maneno mengine, hata kodi ile ya wastani ya dola 15 ni kwa sehemu kubwa malipo ya bima dhidi ya janga. Martin Weitzman alilisukuma wazo hili mbali zaidi mwaka 2009 alipoonyesha kwamba, ikiwa uwezekano wa majanga makubwa haupungui haraka vya kutosha, hesabu ya wastani inaweza kumezwa yote na matukio hayo adimu. Sikubaliani naye katika mwisho wa hoja, kwa kuwa mwisho huo ungetutaka tutoe karibu kila tulicho nacho leo ili kuepa hatari ndogo, lakini amesaidia kuonyesha mahali ambapo wanasayansi wanapaswa kuelekeza bidii.

Sasa petroli. Kodi iliyo sawa kwa kila tani ya hewa ukaa ndiyo sahihi bila kujali imetoka katika nini, kwa sababu angani hakuna anayejua tani ipi ilitoka garini na ipi kiwandani. Lakini kodi ileile kwa tani haiumi sawasawa katika kila nishati. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takriban kilo 2.3 za hewa ukaa, na ya dizeli takriban 2.7. Kwa kodi ya dola 15.5, nyongeza katika lita ya petroli haifiki hata senti 4 za dola. Kwa dola 135 ni kama senti 31. Tani moja ya makaa ya mawe mazuri hutoa kama tani 2.4 za hewa ukaa, hivyo viwango hivyohivyo vinaongeza dola 37 na dola 324, juu ya bidhaa ambayo kwa miaka mingi imeuzwa chini ya dola 100 kwa tani katika soko la dunia. Mwenye gari atanung'unika na kuendelea na safari. Mwenye mtambo wa makaa atapiga hesabu upya, atatazama gesi asilia, inayotoa chini ya theluthi mbili ya hewa ukaa kwa joto lilelile, kisha atatazama upepo na jua, na pengine hatajenga mtambo mwingine wa makaa.

Kuna sababu ya ndani zaidi, na ndiyo ninayoipenda. Harold Hotelling alieleza mwaka 1931 kwamba mali isiyozaliwa upya huuzwa kwa bei inayozidi gharama ya kuichimba, kwa sababu mwenye kisima anajua kwamba pipa akilitoa leo hatakuwa nalo kesho. Katika visima vilivyo rahisi, gharama ya kutoa pipa la mafuta ni sehemu ndogo ya bei yake, na inayobaki ni faida ya uhaba. Ukitoza kodi, unaila faida hiyo. Mwenye kisima anapata kidogo, lakini bado ni heri kwake kuchimba kuliko kuacha. Mafuta hayo yatatoka ardhini tu, na kinachoweza kubadilika ni lini. Makaa ya mawe yako mengi mno hata uhaba hauna nguvu katika bei yake. Bei ni gharama ya kuchimba na kusafirisha, basi. Kodi ikiongezwa hapo hakuna faida ya kuliwa, na makaa yanabaki ardhini kwelikweli. Hatima ya tabianchi kwa hiyo inaamuliwa zaidi na makaa yatakayoachwa kuliko na mafuta yatakayocheleweshwa. Mafuta ya gharama kubwa, kama yale yanayokamuliwa kutoka mchanga wa lami, yako katika kundi la makaa kwa hoja hii.

Hapohapo ndipo umuhimu wa mwendo wa kodi unapojitokeza. Hans-Werner Sinn ameonya kwamba serikali ikitangaza kodi ndogo leo na kuahidi kubwa sana kesho, wenye visima watakimbilia kuuza kabla ya kesho hiyo, na uchafuzi utaongezeka badala ya kupungua. Onyo lake ni la kweli kwa kodi inayopanda kwa kasi kuliko riba. Kodi inayokwenda sambamba na pato la dunia, ambalo kwa kawaida hukua polepole kuliko faida ya mtaji, haina kasoro hiyo, na ndiyo maana napendelea kodi inayoanza na uzito wake kamili kuliko ile inayoanza kwa kunyata.

Usinielewe kwamba petroli haistahili kutozwa. Magari husababisha misongamano, ajali na moshi mijini, na kila moja ya gharama hizo ina kodi yake inayofaa, lakini hizo si kodi za kaboni wala hazipaswi kupimwa kwa tani. Makaa nayo yana madhara mengine yasiyo ya tabianchi: salfa na chembechembe laini zinazoingia mapafuni. Madhara haya yanategemea watu wangapi wanaishi upande ule upepo unakoelekea na kama bomba lina kichujio, kwa hiyo kodi yake inapaswa kutofautiana mahali na mahali na kushuka anayechafua anapofunga kichujio, jambo ambalo kwa hewa ukaa halibadilishi kitu. Katika maeneo yenye watu wengi, vifo vinavyotokana na moshi huo pekee vinaweza kuhalalisha kodi kubwa juu ya makaa hata kwa mtu asiyejali tabianchi hata chembe. Shirika la Fedha la Kimataifa lilikadiria kwamba mwaka 2022 ruzuku kwa nishati za kisukuku zilifika dola trilioni 7, ambapo trilioni 1.3 zilikuwa ruzuku za wazi na sehemu kubwa ya zilizobaki ni madhara ya hewa chafu na tabianchi yasiyolipiwa na mtu. Ruzuku ya wazi ni kodi iliyogeuzwa kichwa chini, na nchi inayojadili kiwango cha kodi ya kaboni huku ikiendelea kulipia watu wachome mafuta haijaanza mjadala.

Wengine watakuambia kwamba badala ya kodi ni afadhali kugawa vibali vya kiasi maalumu cha uchafuzi na kuviacha viuzwe. Kinadharia njia zote mbili hufika pamoja ikiwa tunajua gharama zote. Weitzman huyohuyo alieleza mwaka 1974 kwamba tusipozijua, jibu linategemea kama madhara ya tani ya ziada yanabadilika haraka au polepole. Kwa hewa ukaa, uchafuzi wa mwaka mmoja ni nyongeza ndogo juu ya lundo la zaidi ya karne nzima, hivyo madhara ya tani hayatikisiki mwaka hadi mwaka, na kutuliza bei kunafaa kuliko kutuliza kiasi. Soko la vibali la Umoja wa Ulaya lililoanza mwaka 2005 lilishuhudia bei ikianguka karibu na sifuri mwaka 2007 kwa sababu vibali vya awamu ya kwanza viligawiwa kupita kiasi, na Februari 2023 bei ikagusa euro 100. Bei inayoyumba hivyo haimsaidii anayepanga mtambo wa miaka 40.

Kuhusu mapato ya kodi, zamani ilidaiwa kwamba yakitumika kupunguza kodi za mishahara tutapata faida mbili kwa mpigo. Lans Bovenberg na Ruud de Mooij walipunguza shauku hiyo mwaka 1994: kodi ya kaboni hupandisha bei za bidhaa na hivyo nayo hupunguza thamani ya mshahara, kama kodi ya mshahara yenyewe inavyofanya. Palipo na kodi nyingine nzito, kodi bora ya uchafuzi inaweza kuwa chini kidogo ya kiwango cha Pigou. Kwa maoni yangu marekebisho haya ni madogo mbele ya swali la nani anarudishiwa nini. British Columbia nchini Kanada ilianza mwaka 2008 kwa dola 10 za Kanada kwa tani, ikafika 30 mwaka 2012, huku mapato yakirudi kwa kupunguza kodi nyingine na kuwapa nafuu wenye kipato kidogo. Uswidi, iliyoanza mwaka 1991, imepandisha kiwango chake cha kawaida hadi zaidi ya euro 100 kwa tani. Ufaransa ilipandisha kodi ya mafuta bila wananchi kuona fedha zikirudi, na mwishoni mwa mwaka 2018 waandamanaji wa vizibao vya njano waliizuia nyongeza iliyofuata. Mgawo sawa kwa kila mtu huwaacha wengi wa kipato cha chini na ziada, kwa kuwa wao huchoma kidogo kuliko matajiri, hata kama kodi inachukua sehemu kubwa zaidi ya kipato chao.

Kigumu zaidi si hesabu bali mipaka. Kodi niliyoieleza ni ya dunia nzima, ilhali nchi moja huona sehemu ndogo tu ya madhara ya moshi wake, na ikijitazama yenyewe itachagua kodi ndogo sana. Viwanda vyake pia vinaweza kuhamia kusikotozwa. Umoja wa Ulaya umejaribu kuziba mwanya huo kwa tozo ya mpakani kwa bidhaa kama chuma, saruji na mbolea, iliyoanza kwa kutoa taarifa tu Oktoba 2023 na kuingia katika malipo kuanzia 2026. Australia iliweka bei ya dola 23 za Australia mwaka 2012 na kuifuta mwaka 2014, na mtu anayewekeza hukumbuka kufutwa kuliko kuwekwa.

Unaposema basi kwamba nambari zilizoachana hivi hazina maana, nakuomba utazame gharama ya kukosea kila upande. Hassler na Krusell, pamoja na Conny Olovsson, walilichunguza hilo mwaka 2018: ikiwa tutatoza kodi kubwa kisha ikabainika kwamba tabianchi ni stahimilivu, uchumi hupoteza kidogo, kwa sababu sehemu kubwa ya upunguzaji ni kuachana na makaa ambayo mbadala wake haugharimu sana; lakini ikiwa tutatoza ndogo na tabianchi ikawa kali, hasara ni kubwa mno. Kwa sababu hiyo ningeanza juu ya katikati ya viwango vilivyo mezani, niitoze kodi kwenye mgodi, kituo cha kusafisha mafuta na bandari, ambako walipaji ni wachache na tani zinahesabika kwa urahisi, na niandike katika sheria yenyewe kwamba kiwango kitapanda kila mwaka kwa mfumuko wa bei pamoja na ukuaji wa pato, na kwamba makadirio ya madhara yatapitiwa upya kila baada ya miaka mitano na watu wasiohusika na uchaguzi unaofuata.